Fundi Yuko Kwenye Laini

Habari ya kifo cha Nahashon ilinifikia kwa simu, na hilo peke yake lingemchekesha. Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Migori nikipukuchua mahindi, binti yake wa mwisho, Lilian, akapiga. Kabla ya kusema lolote aliniuliza, “Baba, uko mahali pa kuongea? Hakuna mtu karibu?” Nikamwambia niko na kuku tu. Akaniambia kwamba baba yake ameondoka asubuhi ile, na kwamba wiki iliyopita alikuwa ameagiza mimi nipigiwe mapema, nisije nikaisikia habari hiyo sokoni. Nilimshukuru, nikaiweka simu juu ya kigoda, nikaendelea na gunzi lililokuwa mkononi mpaka likabaki tupu. Kwa zaidi ya miaka hamsini mimi na Nahashon hatukuwa tumeongea maneno yanayozidi salamu. Mimi ndiye niliyemfanya afukuzwe kazi na kufungwa. Watu wengi waliokuja kwenye mazishi hawakulijua hilo. Walijua tu kwamba zamani tulikuwa mafundi wa simu pamoja, kwa hiyo waliniandikia dakika tano za kuzungumza.

Yaliyotokea yote yalitokea katika mwaka mmoja, muda mfupi baada ya uhuru. Shule niliyokuwa nayo ilikuwa ya kusoma barua na kupiga hesabu za sokoni, basi. Idara ya simu ilinichukua kwa sababu sikuogopa kupanda. Niliwekwa chini ya Nahashon, fundi aliyenizidi miaka saba hivi, na tukakabidhiwa laini inayotoka Homa Bay kupitia Rodi na Rongo hadi Migori: waya mbili za shaba juu ya milingoti ya mbao iliyokuwa ikiliwa na mchwa kutoka chini na kupasuliwa na jua kutoka juu. Tulikuwa na baiskeli mbili, ngazi tuliyoibeba kwa zamu, na mkoba wa ngozi uliokuwa na simu ya kupimia. Simu hiyo ilikuwa na vibanio viwili. Ukivibana kwenye waya, popote pale, mlingoti wowote, unakuwa ndani ya mazungumzo ya watu wawili ambao hawajui kwamba upo duniani.

Kwa sababu hiyo kulikuwa na kanuni, na Nahashon mwenyewe ndiye aliyenifundisha siku ya kwanza, kabla hata ya kunionyesha jinsi ya kushika koleo. Ukishabana, unasema, “Fundi yuko kwenye laini.” Unangoja. Kama kuna watu wanaongea, watanyamaza, mmoja atakujibu, utawaomba radhi na kutoka. Kama hakuna, opareta wa Homa Bay atakujibu, mtapima laini pamoja, utatoka. “Usiposema hayo maneno,” Nahashon aliniambia, “wewe si fundi tena. Wewe ni mtu amesimama nyuma ya dirisha ya wenyewe.” Nimelifikiria neno hilo katika maisha yangu kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Opareta naye alikuwa na kanuni yake. Akifungua swichi kuangalia kama maongezi yamekwisha, ilimpasa aulize, “Mmemaliza?” Sauti yake ilikuwa ndiyo kubisha hodi kwake.

Opareta wetu alikuwa Peres, mwanamke wa kwanza kuketi kwenye swichibodi ya Homa Bay, ile meza ya kuunganishia simu. Chumba chake kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilitazama ziwa, lakini sikumwona hata siku moja akilitazama ziwa. Alikaa na vifaa vya kusikilizia kichwani na sahani ya njugu kwenye magoti, akifuma sweta ambalo sikuwahi kuliona limeisha. Alizijua sauti za waya kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Nahashon tu ndiye aliyemzidi. Nahashon angebana simu pale Rodi, akafumba macho, akasema, “Kuna tawi limegusa waya, upande wa Rongo, na hilo tawi liko na majani mabichi.” Tungeendesha baiskeli, na kweli, tawi lingekuwepo, na majani yake mabichi. Alitambua kikombe cha kaure, kile kinachoshikilia waya juu ya mlingoti, kilichopasuka kwa jinsi waya ulivyokwaruza. Sijawahi kumwona mtu mwingine mwenye masikio yale. Nasema hivi kwa sababu nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mjanja aliyejificha ndani ya ufundi. Alikuwa fundi kwelikweli, na kipaji hichohicho ndicho kilichompeleka pabaya.

Tulipokuwa Rongo tulilala katika chumba kimoja nyuma ya hoteli ya Mama Risper. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na ukuta wa udongo uliokuwa ukiangusha vumbi kila kinu cha kusaga cha jirani kilipowashwa. Injini ya kinu kile ilikuwa na ugonjwa: ilipiga mara tatu, ikaruka pigo moja, ikapiga tena mara tatu. Mchana kutwa ulikuwa ukiisikia ndani ya meno. Mama Risper alitupikia ugali wa mtama na omena, au ngege siku ambayo samaki walifika wakiwa wazima, na jioni wafanyabiashara na makarani waliketi kwenye mabenchi yake wakingoja habari. Redio ilikuwepo, lakini redio ilisema mambo ya mbali. Nahashon alisema ya karibu.

Ilianza kidogo kidogo. Siku moja juu ya mlingoti alinyamaza muda mrefu, kisha akacheka, akanishushia mkono wa simu kwa waya wake. “Shika, omera, ndugu yangu. Sikiza huyu karani wa pamba akitongoza.” Nikashika. Nikamsikia kijana mmoja wa Homa Bay akimwambia msichana wa Migori, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba moyo wake ni kama gunia lililoshonwa vibaya. Nilicheka mpaka nikashikilia ngazi. Hakuna aliyekuwa amesema maneno yale ya kanuni, si yeye, si mimi. Nilijua, na nilicheka. Jioni ile Nahashon aliigiza sauti ya karani mbele ya mabenchi, na Mama Risper, aliyekuwa mchache wa kicheko, alifuta macho kwa kanga. Akamletea Nahashon kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida alikuwa akimpa msaidizi wa chifu.

Baada ya hapo kila jioni mabenchi yalimwuliza, “Fundi, leo waya imesema nini?” Naye aliwapa. Mara nani anahamishwa, mara nani amekataliwa uchumba, mara padri fulani amekosana na mwenzake kuhusu kengele. Mzee mmoja muuza kamba alimtania, “Huyu Nahashon atajua siku yangu ya kufa kabla sijaumwa.” Nahashon akamjibu, “Jaduong’, wewe huna simu. Utakufa kwa siri.” Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilianza kuona kwamba akipanda mlingoti anakawia hata mahali ambapo hapakuwa na ubovu.

Kisha ikaja siku ya daktari. Tulikuwa kwenye mlingoti ulio nyuma ya kinu cha Rongo, mimi chini nimeshika ngazi, yeye juu. Kiungo cha waya kilikuwa kimelegea, akakikaza. Akabana simu ili apime. Sikusikia maneno ya kanuni. Nilimtazama usoni kutoka chini, nikaona ule uso wa kucheka ukianza, halafu ukasimama nusu. Injini ilikuwa ikipiga mara tatu na kuruka. Alikaa pale muda ambao ungetosha mtu kula ndizi mbili. Aliposhuka alikunja waya wa mkoba polepole sana, akasema, “Unamjua Mwalimu Hezron, yule wa shule ya upande wa Migori? Daktari wa Homa Bay amesema ni ukoma.” Nikamwambia tusiliseme hilo. Akasema, “Nani atasema?” Lakini jioni mabenchi yaliuliza, na kichwa cha samaki kilikuwa mbele yake, na alikuwa na huzuni ya kweli. Nadhani alitaka watu wamhurumie mwalimu. Aliinama akasema kwa sauti ya chini, “Msimwambie mtu.”

Daktari alikuwa amesema pia kwamba ugonjwa bado ni mchanga, unatibika, na kwamba haurukii mtu kwa kupeana mkono. Nahashon aliyasikia hayo yote. Lakini neno moja ndilo lililotoka pale hotelini, hayo mengine yakabaki kwenye waya. Kabla ya wiki mbili kuisha wazazi walikuwa wamewatoa watoto katika darasa la Mwalimu Hezron. Nilimwona mwenyewe sokoni, mtu mrefu mwenye koti safi, akinyoosha mkono kupokea samaki, na muuzaji akamtupia samaki kwenye nyasi ili wasigusane. Mwalimu aliinama akamwokota. Akampangusa majani, moja moja, bila haraka, kisha akamsalimia muuzaji na kuondoka. Mwezi haukuisha kabla hajahama. Alifunga vitu vyake kwenye baiskeli na kwenda asikojulikana, na sikuwahi kusikia kama alipata dawa. Hilo ndilo ambalo hata leo linaniamsha.

Daktari alilalamika kwa idara. Alisema jambo lile alilijua yeye, na msaidizi wake wa Migori aliyeongea naye kwa simu, na laini. Mkaguzi akaja kutoka Kisumu. Siku hiyo nilikuwa Homa Bay, kwenye baraza la ofisi yetu, nikijaza betri za swichibodi maji ya ndoo. Ukuta ulikuwa wa mabati na mbao, na kila neno lilinifikia. Sikukusudia kusikiliza, lakini sikuondoka, na sikukohoa wajue nipo.

Mkaguzi alikuwa na sauti ya upole, na upole huo ulitisha. “Dada Peres, simu hiyo uliunganisha wewe.”

“Ndiyo, bwana. Niliunganisha.”

“Na ukasikiliza.”

“Nilifungua mara moja, nikauliza kama wamemaliza. Daktari akasema bado. Nikafunga.”

“Nani mwingine angeweza kusikia?”

“Bwana, nilipofungua, sauti ilikuwa imezama. Mtu wa tatu akiingia kwenye waya, sauti inazama. Na nyuma yake kulikuwa na mlio. Tatu, halafu kimya. Tatu, halafu kimya. Sijui ni nini. Nilidhani ni laini yenyewe.”

“Mlio,” alisema mkaguzi.

“Ndiyo, bwana.”

Nilisikia karatasi ikisogezwa mezani. “Niko hapa siku tatu. Ukiandika mwenyewe kwamba ulisema, utaacha kazi tu. Usipoandika, nitapeleka mahakamani. Mwanamke wa kwanza kwenye hii kazi. Fikiria vile watasema.”

Maji ya betri yalikuwa yamefurika na kuniunguza vidole, sikuhisi. Mkaguzi hakujua mlio ule. Peres hakujua, kwa kuwa hakuwahi kulala Rongo. Katika idara nzima ni watu wawili tu walioujua, na mmoja wao alikuwa mimi.

Kesho yake alfajiri niliendesha baiskeli hadi Rongo, tukatoka na Nahashon kwenda upande wa Awendo. Zamu ya kupanda ilikuwa yangu. Nilipanda mpaka juu, nikajifunga mkanda, nikafanya kazi yangu, na ndipo nikagundua kwamba nimechagua mahali pabaya pa kuzungumzia jambo lile, kwa maana kati yangu na ardhi palikuwa na yeye. Lakini lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia kutoka juu, “Nahashon, Peres anashtakiwa, amepewa siku tatu. Alisikia kinu.”

Niliona paji la uso wake likigeuka juu, jua likimpiga machoni.

“Nenda useme mwenyewe,” nikasema. “Ukisema mwenyewe watakuhurumia.”

“Peres ataolewa,” akasema. “Atakula kwa mtu. Mimi niko na watoto wawili, omera.”

“Hata mimi nilicheka. Nitasema nilicheka.”

“Sema nini? Nimeiba nini? Fungua huo waya uhesabu, kuna kitu kimepungua? Daktari aliongea, mwenzake akasikia. Mimi kusikia hakukuwapunguzia kitu.”

“Kulipunguza,” nikamwambia. “Peres alisikia sauti ikizama.”

Hilo alilijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba waya hauwezi kumpa mtu wa tatu bila kuwanyima wawili wa kwanza. Nilianza kushuka, na kila kipago nilingoja ngazi itikisike. Nakiri kwamba niliogopa. Nilikuwa nimemwona akikasirika kwa mambo madogo, na hili halikuwa dogo. Ngazi haikutikisika. Aliishika kwa mikono miwili mpaka mguu wangu wa pili ulipogusa majani, ndipo akaiachia, akaenda kuketi kando ya barabara na kunipa mgongo. “Umesema siku tatu,” akasema. “Bado ziko mbili. Niache nifikirie.”

Nilimwachia. Siku ya pili tulifanya kazi bila kuongea, tukala kwa Mama Risper tukiwa tumekaa mabenchi tofauti. Mtu alimwuliza waya imesema nini, akajibu, “Waya ni mgonjwa.” Asubuhi ya siku ya tatu kitanda chake kilikuwa kitupu, na nilifurahi, nikidhani ametangulia Homa Bay. Nilipotoka nilimkuta nyuma ya kinu, amesimama chini ya ule mlingoti, akitazama juu. Hakugeuka. Nikapanda baiskeli, nikaenda mwenyewe, na kati ya Rongo na Rodi niligeuza shingo mara nyingi kuona kama ananifuata.

Nilifika mkaguzi akiwa tayari amefungua kalamu. Peres alikuwa ameketi mbele yake, karatasi haina neno. Nilisema yote nikiwa nimesimama: kinu, mlingoti, kukosekana kwa maneno ya kanuni, jioni ile hotelini. Nikasema pia habari ya karani wa pamba na kwamba mimi nami nilisikiliza. Mkaguzi aliniuliza kwa nini naliongeza hilo wakati hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia sikujua mahali pengine pa kuliweka. Nahashon alifukuzwa siku hiyohiyo, na mahakama ikampa miezi sita. Mimi niliondolewa kwenye milingoti, nikachimba mashimo ya kuisimamishia mpaka mwaka ulipoisha. Nilidhani Peres angenishukuru. Siku nilipokutana naye kwenye baraza alinitazama, sweta lake mkononi, akasema, “Ulikuwa nje ya ukuta siku ya kwanza. Niliona ndoo yako. Ulingoja siku tatu.” Akaingia kwenye chumba chake na kufunga mlango. Siku zile mbili nilizompa rafiki yangu nilizitoa kwenye mfuko wa Peres.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa Nahashon, karibu na Rodi. Nilifika mapema, watu wakiwa bado wanapanga viti. Lilian aliniketisha kivulini kando ya tangi la maji, akaniletea chai na viazi vitamu. Nilimwuliza kazi yake, nikitafuta tu la kusema. Akaniambia anafanya kazi ya kompyuta Kisumu. Makampuni humlipa ajaribu kuingia ndani ya mitambo yao, kama vile mwizi angeingia, kisha awaonyeshe alipopitia.

“Na mwizi anafanyaje?” nikauliza.

“Hivyohivyo, Baba. Vifaa ni vilevile. Ujuzi ni uleule.”

“Sasa tofauti iko wapi?”

“Mimi niko na barua. Wenye nyumba wametia sahihi kwamba wanajua nitakuja, na nitagusa nini, na nisiguse nini. Nikizidisha hapo hata kidogo, nitashtakiwa kama mwizi mwingine yeyote. Na yale ninayoyaona humo ndani siyasemi, hata kwa bwana yangu.” Alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. “Mzee ndiye alinisukuma kwenye hii kazi. Lakini kila nikipata mkataba alikuwa ananiuliza jambo moja: wanajua uko ndani? Kila mara. Nilikuwa nakasirika. Nikamwambia, Baba, mimi si mtoto.”

Nilitazama chini. Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kumweleza kwa nini aliacha kazi ya simu.

“Alisema alikosa. Hakusema kosa.” Kisha akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. “Wewe utajua hii maana mlifanya kazi pamoja. Mzee hakuwa anaingia kwa nyumba hivihivi. Hata hii yake. Anasimama kwa mlango, anasema, fundi yuko kwenye laini. Anangoja mpaka mtu ajibu. Tukiwa watoto tulikuwa tunanyamaza makusudi tuone atafanya nini. Anasimama tu. Siku moja alisimama mpaka mvua ikamnyeshea, na mlango uko wazi. Tulidhani ni mzaha wake.”

Sikumweleza wakati ule. Nilimwambia kwamba yako mambo nitamsimulia akiwa tayari, yote, pamoja na sehemu yangu, na akaitikia kwa kichwa. Ndiyo haya niliyoyaandika, kwa sababu mdomo wangu si mzuri. Walipotangaza dakika zangu tano nilisema tu kwamba Nahashon alikuwa na masikio kuliko fundi yeyote niliyemjua, na kwamba siku ambayo angeweza kuniangusha aliishika ngazi. Watu walidhani ni maneno ya kawaida ya mazishi.

Lakini kabla ya hapo, kabla jeneza halijatolewa nje, Lilian alinipeleka nimwone. Alikuwa amelazwa sebuleni, mlango wazi, wanawake wawili wameketi mkekani kichwani kwake. Nilivua kofia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshainuka juu ya kizingiti, nikaurudisha.

“Fundi yuko kwenye laini,” nikasema.

Wanawake walinitazama. Mmoja wao, mjane wa Nahashon, aliinua uso kutoka kwenye leso yake. Nilingoja. Sikujua kama anajua mimi ni nani au nilifanya nini, na nilikuwa tayari kusimama pale hata mvua ije.

“Ingia,” akasema. “Yuko peke yake.”